Siku Niliyoiondoa Nazi Jikoni kwa Mama

Mbuzi ya mama ya kukunia nazi ilikuwa ya mti wa mvule, imelainika pale pa kukalia mpaka inang'aa, na meno yake yalipelekwa kwa fundi kunolewa kila Ramadhani ikikaribia. Mwaka 1996 niliikunja ile mbuzi kwa mikono yangu mwenyewe, nikaipandisha darini. Nilikuwa mtoto wa kwanza wa nyumba ile, nesi wa kliniki mjini Tanga kwa miaka 14 wakati huo, na nilifanya vile kwa mapenzi. Baba alikuwa amepimwa presha akakutwa na 180 kwa 110.

Aliyempima alimwambia mambo matatu: apunguze mawazo, ameze vidonge kila siku, aache nazi. Mawazo, mtu mwenye watoto saba na shamba linalotegemea mvua atayapunguzia wapi. Vidonge wiki hii vipo, wiki ijayo hakuna. Likabaki la nazi, na hilo niliona naliweza.

Kwa asiyetoka Pangani pengine hili ni jambo dogo. Kwetu wali ni wa nazi, maharage ni ya nazi, kisamvu ni cha nazi, samaki ni wa nazi, muhogo wa asubuhi ni wa nazi. Mama alikuna nazi mbili kwa siku, tatu wakija wageni. Alikamua kwa kifumbu, tui zito likakaa pembeni kwenye bakuli lake, kisha akamimina maji ya vuguvugu kwenye machicha akakamua tena, na tena. Lile tui la pili na la tatu ndilo lililopikia. Tui zito liliingia mwisho kabisa, moto umeshatolewa kuni, na akikoroga polepole lisikatike. Machicha yalikwenda kwa kuku. Hakikutupwa kitu.

Mama hakubisha. Alisimama chini akanishikia ngazi, akauliza, "Sasa nitapikia nini, mwanangu?" Nikamjibu nikiwa nimempa mgongo, "Mafuta ya kawaida tu, mama." Nimestaafu 2021, na katika miaka yote ya kazi sikuwahi kuulizwa swali zito kuliko lile. Nililijibu bila hata kugeuka.

Imani yangu katika ushauri wa lishe ilianzia kwenye redio. Nilizaliwa 1961, mwaka wa uhuru. 1973 ilipita kampeni ya Mtu ni Afya, na 1975 ikaja ya Chakula ni Uhai. Watu wazima walikaa kwa vikundi chini ya mwembe, redio moja ya betri katikati, kipindi kikiisha wanafungua kijitabu na kujadili. Nilikuwa na miaka 14. Kiongozi wa kikundi cha shangazi yangu macho yalikuwa yamefifia, nikawa mimi ndiye nawasomea. Hapo ndipo nilipoyashika makundi matatu ya chakula: vya kujenga mwili, vya kutia nguvu, vya kulinda mwili. Mpaka leo nikiona sinia la chakula jicho langu linaligawa hivyo, ingawa makundi yenyewe baadaye yaliongezwa.

Miaka hiyohiyo ya ukame yaliletwa mahindi ya njano kutoka nje, watu wakayaita Yanga kwa rangi yake. Tuliyala huku tunayadharau. Ilinichukua muda mrefu kujua kwamba ile rangi iliyotutia aibu ndiyo inayoupa mwili vitamini A, na kwamba mahindi yetu meupe karibu hayana kabisa. Hakuna aliyetueleza. Tuliambiwa ni chakula cha msaada, basi tukakila kama chakula cha msaada.

Nilipoingia chuo cha uuguzi, 1979, neno lililotawala lilikuwa protini. Wodini tulikuwa na watoto wenye miguu iliyovimba, nywele zimekuwa nyekundu na nyepesi, uso umejaa kama mwezi, na hawacheki. Kwashiakoo. Jina hilo alilipeleka kwenye vitabu vya tiba daktari Cicely Williams, aliyekuwa akifanya kazi Ghana miaka ya 1930. Alilitoa kwa Waga, watu wa huko, na kwa lugha yao ni ugonjwa unaompata mtoto akishazaliwa mdogo wake. Yaani mtoto aliyeondolewa titini. Ona akina mama wale walivyokuwa wamelitazama jambo: walilipa ugonjwa jina la kile kilichoondoka. Wataalamu wakalitafsiri kuwa ni upungufu wa protini, na kwa miaka mingi dunia ikakimbilia maziwa ya unga na biskuti zilizoongezwa protini. 1974 Donald McLaren aliandika kwenye jarida la Lancet kwamba mbio zile zilikuwa kosa kubwa, kwamba watoto wengi walikuwa hawapati chakula cha kutosha, basi. Mimi niliendelea kufundishwa protini miaka mitano baada ya hapo. Habari ya kugeuka kwa ushauri husafiri polepole kuliko ushauri wenyewe.

Kilichonibadilisha ni kimea. Kuanzia 1983 kule Iringa kulikuwa na mradi mkubwa wa lishe, na mafunzo yake yalitufikia na sisi. Unachukua ulezi au mtama, unauloweka, unauacha uchipue, unauanika, unausaga. Mwalimu wetu alipika uji mzito mbele yetu, mzito kiasi kwamba mwiko unasimama. Akatia kijiko kimoja cha unga wa kimea, akakoroga. Mbele ya macho yetu uji ukalegea ukawa wa kunyweka, na haikuongezwa hata tone la maji. Tulipiga makofi. Maana yake ilikuwa hivi: tumbo la mtoto ni dogo kama ngumi yake, ukimpa uji mwepesi wa kawaida unamjaza maji. Ukimpa ule wa kimea, unga ni mwingi ndani ya kikombe kilekile. Ongeza mafuta kidogo, karanga zilizopondwa, au tui. Mlishe mara tano kwa siku badala ya mbili. Niliona watoto wakirudi kwenye mstari wa kijani wa kadi zao kwa hayo tu, na maziwa ya kopo hayakuhusika.

Kwa hiyo asubuhi nilikuwa namwambia mama mwenye mtoto mdogo, "Tia tui kwenye uji, tui ni nguvu." Saa sita namwambia baba mkwe wake aliyekuja kupima presha, "Nazi acha kabisa, ina kolesteroli." Watu wa nyumba moja, sufuria moja. Tena la pili halikuwa hata kweli. Kolesteroli iko kwenye vyakula vya wanyama, nazi haina. Nazi ina mafuta mazito ya aina inayoweza kuifanya damu iwe na kolesteroli nyingi, na hilo ni jambo jingine. Sisi kliniki tulilikata fupi ili lieleweke, likaeleweka vibaya.

Mayai vilevile. Miaka ya 1980 tulipambana na mwiko wa wajawazito kutokula mayai, bibi zetu wakisema mtoto atazaliwa hana nywele. Tulitembea nyumba kwa nyumba. Tulipokuwa tunaanza kusikilizwa, tukaanza kuwaambia watu wale wale kwamba mayai ni hatari kwa moyo. Chama cha moyo cha Marekani kilikuwa kimeweka kiwango cha viini visivyozidi vitatu kwa wiki tangu 1968, na kikatufikia sisi kikiwa kimevuliwa maelezo yake yote. Mwaka 2015 mwongozo wa Marekani ukaondoa kile kikomo cha kolesteroli ya chakula cha miligramu 300 kwa siku kilichokuwa nguzo ya katazo. Bibi mmoja wa Makorora aliniambia, bila ukali, "Sista, ninyi mnatuhamishahamisha kama vyombo." Sikuwa na jibu.

Nilipostaafu ndipo nilipopata nafasi ya kufuatilia lile la nazi lilianzia wapi. Nilikuwa nadaiwa hilo na nafsi yangu. Rais Eisenhower wa Marekani alipata shambulio la moyo Septemba 1955, na nchi nzima ikaanza kuuliza wanaume wake wanauawa na nini. Ancel Keys, mtafiti wa Minnesota, alikuwa na jibu: mafuta mazito ya nyama na maziwa. 1958 akaanza utafiti wake wa nchi saba, 1961 picha yake ikawa kwenye jalada la jarida la Time, na mwaka huohuo chama cha moyo kikawashauri watu wapunguze mafuta hayo. Nchi saba zile ni Marekani, Finland, Uholanzi, Italia, Yugoslavia, Ugiriki na Japani. Hakuna hata moja inayopika kwa tui.

Nazi iliingia kwa mlango mwingine. Wakulima wa soya wa Marekani walikuwa wanashindana na mafuta ya nazi na mawese yaliyotoka nchi za joto, wakaendesha kampeni dhidi yake miaka ya 1980. Kisha akatokea mfanyabiashara wa Omaha, Phil Sokolof, aliyepata shambulio la moyo akiwa na miaka 43. Mwaka 1988 alilipia kurasa nzima za magazeti kuyashutumu makampuni ya chakula kwamba yanawatilia Wamarekani sumu kwa mafuta ya nazi na mawese. Naamini alikuwa na nia njema kama niliyokuwa nayo mimi kwenye ile ngazi. Makampuni yakaogopa, yakayaondoa. Na badala yake, kwenye biskuti na keki na vyakula vya kukaanga, yakaweka mafuta ya soya yaliyogandishwa kwa hidrojeni.

Mafuta yale ya kugandishwa ndiyo yenye kile wanachokiita transi. Mwaka 1990, miaka miwili tu baada ya yale matangazo, watafiti wa Uholanzi walionyesha kwamba transi inapandisha kolesteroli mbaya na kushusha ile nzuri kwa pamoja, kitu ambacho hata mafuta ya nazi hayafanyi. Denmark ikaweka sheria ya kuyazuia 2003. Marekani yenyewe ilifikia uamuzi wa kuyaondoa 2015. Majarini nyingi za kopo za miaka ya 1990 zilitengenezwa kwa njia hiyo ya kugandisha.

Niliposoma hayo nilifunga kompyuta ya mwanangu nikatoka nje nikakaa barazani. Nilikumbuka vitu vilivyokuwa kwenye meza ya baba baada ya 1996.

Muhogo wa nazi wa asubuhi ulikuwa umeondoka, ukaja mkate mweupe na majarini, nami ndiye niliyekuwa nabeba kopo kutoka Tanga kila mwisho wa mwezi, kubwa, la kilo. Nilijiona mtoto mwema. Chai ikaongezwa sukari kwa sababu mkate mkavu haushuki. Samaki wa kupaka na wa mchuzi akawa samaki wa kukaanga, kwa mafuta ya kupima yaliyouzwa kwenye vifuko vya plastiki dukani, na mama aliyatumia yaleyale siku tatu nne mpaka yakawa meusi, maana yalikuwa ya kununua, na nazi alikuwa anaokota. Maharage yasiyo na tui baba hakuyataka, akawa anayaacha.

Na chumvi. Hili nililiona kwa macho yangu, mwaka 1999 au 2000, nikalipita. Mama alikuwa na kibuyu cha chumvi karibu na jiko, na nilikuta amekibadilisha, ameweka ndoo ndogo ya plastiki. Nilimuuliza mbona chumvi yote hiyo. Akasema, "Chakula hakina ladha, mwanangu. Baba yako hali. Lazima nimtie hamu." Alikuwa ameongeza chumvi, na vile vidonge vya mchuzi vya dukani ambavyo navyo ni chumvi. Nilikuwa nesi. Nilikuwa najua chumvi inapandisha presha, nilikuwa nawaambia wagonjwa. Lakini akilini mwangu jambo la baba lilikuwa limeshafungwa, jina lake nazi, na nazi ilikuwa darini. Sikuunganisha. Tulimwondolea mgonjwa wa presha kitu ambacho kwa presha yenyewe hakikuwa na ushahidi mkubwa, tukamwekea chumvi, ambayo ushahidi wake ulikuwepo hata wakati ule. Shirika la Afya Duniani linasema chumvi isizidi gramu 5 kwa siku, kijiko kimoja cha chai kwa chakula chote cha kutwa. Ile ndoo ilikuwa inajazwa kila wiki mbili kwa watu wanne.

Baba alipata kiharusi 2003, upande wa kulia, akakaa miezi mitano, akafariki. Sisemi nazi ingemwokoa. Presha yake ilikuwa kubwa, vidonge vilikuwa vya kubahatisha, na familia yao wengi wamekwenda kwa kiharusi. Nisingependa mtu yeyote asome hapa akadhani nasema mwenye presha ale anavyotaka. Ninachosema ni kwamba miaka saba ya mwisho ya baba yangu alikula chakula asichokipenda, na kile chakula hakikuwa bora kuliko alichonyang'anywa.

Wakati huohuo kazini lilikuwa linatokea jambo zito zaidi. Miaka ya mwanzo ya 2000 tulianza kuwapima virusi vya UKIMWI akina mama wajawazito. Waliokutwa navyo tuliwaeleza kwamba maziwa yao yanaweza kumwambukiza mtoto, na anayeweza kupata maziwa mbadala kwa usalama na kwa kudumu asinyonyeshe. Lile "anayeweza" lilipotea njiani. Mama wa miaka 20 alikuwa anarudi nyumbani na maziwa ya ng'ombe, maji ya kisima, chupa moja, na mama mkwe anayeuliza mbona mtoto hanyonyi. Niliwaona watoto wawili ambao hawakuwa na virusi wakifa kwa kuharisha. Mwaka 2006 Botswana, ambako serikali ilikuwa inatoa maziwa ya kopo bure, mvua kubwa zilileta mlipuko wa kuhara ulioua mamia ya watoto, na waliolazwa wengi walikuwa hawanyonyi. 2010 Shirika la Afya Duniani likabadili: mama atumie dawa, anyonyeshe. Hapo ushauri ulibadilika kwa sababu dawa zilipatikana na kwa sababu watu walihesabu vifo vya upande wa pili, vya waliokufa kwa kile kilichowekwa mahali pa ziwa. Wapo wanaodhani kila mabadiliko ya wataalamu ni kigeugeu. Yale ya 2010 yaliokoa watoto niliowabeba mimi.

Nimefika kwa mdogo wangu.

Yeye ana kisukari tangu 2012, na alikuwa anakula vidonge viwili, kimojawapo glibenclamide. Mwaka 2018 lilikuja wimbi la kuacha wanga. Kila kundi la WhatsApp lilikuwa na mtu wake aliyepungua kilo 15, picha ya kabla na ya baada. Acha ugali, acha wali, kula mayai, parachichi, nyama na mafuta yake, na nazi bila hofu. Watu walilichukua kama jambo jipya, wakati London mwandaaji wa mazishi aliyeitwa William Banting alichapisha kijitabu chake cha kupungua kwa kuacha mkate na sukari mwaka 1863, na daktari Robert Atkins akalifufua Marekani 1972. Hata huo mlo wenyewe wa mafuta mengi ulitungwa 1921 kwenye kliniki ya Mayo, kwa ajili ya wagonjwa wa kifafa.

Mdogo wangu aliuingia kwa moyo wote. Na sukari ilishuka. Hili nalisema wazi kwa sababu wenzangu wengi wa hospitali walikuwa wanalikataa hata mbele ya vipimo: ukipunguza wanga, sukari ya mgonjwa wa kisukari inashuka, na wengine wanapungua uzito vizuri. Alikuwa na furaha ambayo sikuwa nimeiona kwake miaka mingi.

Siku ya tisa mkewe alinipigia saa kumi alfajiri. "Wifi, njoo, anaongea maneno siyaelewi." Nyumba zetu ziko mtaa mmoja. Nilimkuta amekaa ukingoni mwa kitanda, fulana imelowa kama ametoka kuvua samaki, anatetemeka mikono, ananitazama kama hanijui. Mashine ya sukari alikuwa nayo. Nilimtoboa kidole: 2.3. Mtu mzima chini ya 4 ni hatari. Bado alikuwa anaweza kumeza, nikakoroga vijiko vitatu vya sukari kwenye maji nikamnywesha kidogo kidogo, nikimshika kidevu. Baada ya dakika 15 alisema, "Dada, umefika saa ngapi?"

Kile kidonge kazi yake ni kuisukuma kongosho itoe insulini, uwe umekula au hujala. Kilikuwa kimepimwa kwa mtu anayekula sahani ya wali usiku. Mdogo wangu alikuwa ameondoa wali na kidonge akakiacha palepale. Aliyemfundisha kuacha wanga hakumuuliza anameza nini. Daktari wake hakuambiwa kwamba sahani imebadilika, kwa kuwa mdogo wangu aliogopa kugombezwa. Na mimi, dada mtu, niliona anapungua nikampongeza. Kesho yake tulikwenda kliniki wote wawili, nikaeleza kila kitu. Daktari alikuwa kijana, alisikiliza, akakiondoa kile kidonge, akabakiza kimoja, akasema aje baada ya wiki mbili. Leo mdogo wangu anakula wali, kipimo cha kikombe, na mboga nyingi, na samaki. Yuko vizuri.

Tangu asubuhi ile nimekuwa na swali moja, na nawauliza wote wanaonijia na mlo mpya, maana hata baada ya kustaafu wanakuja. Umeondoa nini, na pale pameingia nini? Mtu akiniambia ameacha sukari, namuuliza chai anakunywa na nini sasa. Akiniambia anakula dona badala ya sembe, nafurahi, kisha namuuliza mahindi yalikaushwa vipi na kuhifadhiwa wapi, kwa sababu sumukuvu, ile sumu ya ukungu wa nafaka, hukaa zaidi kwenye pumba na kiini, na mwaka 2016 iliua watu Dodoma na Manyara. Majibu ya swali hilo hayatoki kwa mtaalamu wa mbali. Anayo mtu mwenyewe, jikoni kwake.

Hata lile la nazi, nilipolitafuta vizuri, lilinielekeza hukohuko. Kwenye visiwa vya Tokelau, bahari ya Pasifiki, watafiti walioongozwa na Ian Prior walikuta watu ambao zaidi ya nusu ya nguvu ya chakula chao ilitoka kwenye nazi. Matokeo yalichapishwa 1981. Kolesteroli yao ilikuwa juu kuliko ya watu wa kisiwa kingine waliokula nazi pungufu, lakini magonjwa ya moyo yalikuwa nadra. Walikula nazi na samaki na matunda ya mshelisheli, sukari kidogo, chumvi kidogo, wakitembea na kuvua. Wenzao waliohamia New Zealand wakala mkate, nyama na sukari, nazi wakaipunguza. Uzito ukapanda, presha ikapanda, kisukari kikaingia. Naona pia kwamba chama cha moyo cha Marekani kilirudia 2017 kusema mafuta ya nazi yanapandisha kolesteroli mbaya kuliko mafuta ya mimea yasiyoganda, na sina sababu ya kubisha. Vyote viwili vinaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Mjukuu wangu anasoma Dar es Salaam. Desemba iliyopita alikuja Pangani kumwona mama, ambaye sasa amepita miaka 80, akaja na chupa ndogo ya kioo, mafuta ya nazi yaliyokamuliwa bila moto. Anakunywa vijiko viwili kila asubuhi. Bibi mkubwa aliishika ile chupa akainusa, akauliza bei, akatajiwa. Alinyamaza. Kisha akaniangalia mimi.

Nilimuuliza mtoto, "Vijiko viwili hivyo unakunywa badala ya nini?"

"Badala ya kifungua kinywa, bibi. Sili mpaka saa saba."

"Na saa saba unakula nini?"

Akafikiri. "Chipsi mayai. Chuo hakuna kingine karibu."

Sikumgombeza. Nilimwambia anisaidie kushika ngazi. Darini kulikuwa na vumbi na maganda ya mende, na mbuzi ilikuwa palepale, imefungwa na kipande cha kanga nilichokifunga mimi. Meno yalikuwa yameshika kutu. Mama alikuwa akipikia nazi za kukuniwa sokoni tangu msiba wa baba ulipoisha, hakuwahi kuniambia nimshushie, na mimi sikuwahi kujitolea. Tuliisugua kwa limau na mchanga. Mama akaketi, akarekebisha kanga yake, akampa mjukuu wangu kifuu cha kukingia, akaanza.

Tulikuwa na samaki wawili, changu. Nilipima chumvi mwenyewe, nusu kijiko cha chai kwa sufuria nzima, na mama akakamua ndimu mbili na kuongeza pilipili mbuzi ili isionekane imepungua. Tui la pili ndilo lililopikia. Lile zito alitia vijiko vitatu, mwishoni, moto umeshatolewa kuni, na akamwita mtoto asogee aone mkono unavyokwenda.